Jumapili ya Zulma

Odiel Verschraegen hakuwa mtu mbaya. Naanza na hilo kwa sababu mkishamsikia mtamkasirikia, na mimi mwenyewe nimemkasirikia mara nyingi, tena usoni pake. Lakini mbaya, hapana. Hakuwahi kumnyanyulia mkewe mkono, hakuwahi kuumalizia mshahara kwenye bia, na kazi ya kiwanda cha matofali aliifanya mpaka siku ya kustaafu bila manung'uniko. Ubovu wake ulikuwa mmoja tu: njiwa.

Kwetu huku, vijiji hivi vilivyo kati ya Zottegem na Ninove, ukisema fulani anafuga njiwa watu wanakuelewa hapo hapo. Maana yake ni kwamba huyo mtu hana Jumapili. Kuanzia Aprili mpaka Septemba njiwa wanatiwa kwenye matenga, wanapelekwa Ufaransa kwa lori, wanaachiwa alfajiri, na mwenyewe anasimama uani kwake, shingo nyuma, macho mbinguni, mpaka warudi. Na akisimama yeye, nyumba nzima inasimama. Nguo nyeupe hazianikwi, njiwa wasije wakaogopa kutua. Dirisha halifunguliwi kwa kishindo. Mtoto akicheka anafinywa. Jirani akija kuomba chumvi anapungiwa mkono arudi alikotoka. Utaniuliza, na majira ya baridi je? Majira ya baridi njiwa wanaozeshwa, dume yupi alale na jike yupi, na shughuli hiyo nayo haimpi mtu nafasi ya kwenda popote.

Zulma aliolewa katika mambo hayo mwezi wa Mei, miaka mitatu baada ya vita. Fungate yao ilikuwa iwe siku moja ya kutembea mji wa Brugge. Ombi dogo kabisa, kwa treni hata saa mbili hazifiki. Lakini Jumapili ile kulikuwa na mashindano, na bwana harusi alikuwa na jike mmoja mwekundu aliyemwekea matumaini makubwa. "Mwakani, Zulma," alisema. Mwaka uliofuata jike alikuwa amekufa, lakini wanawe walikuwepo. Basi ikawa mwakani, na mwakani ya mwakani, mpaka neno lenyewe likawa halisikiki tena mle ndani.

Zulma hakuitaka Brugge kwa ajili ya mashua wala lesi za kwenye maduka. Alipokuwa msichana, sista aliyemfundisha kusoma alikuwa ametoka Begijnhof, ule ua wa watawa ulio pembeni mwa mji wa Brugge, na kila alipopata nafasi aliwasimulia wanafunzi habari zake: nyumba nyeupe zimezunguka kiwanja cha majani, miti mirefu katikati, wanawake wanakaa humo wanasali na kufanya kazi zao. Zulma akapapenda mahali pale kabla hajapaona. Alipofika miaka kumi na minane akamwambia baba yake anataka kwenda kuwa sista huko. Baba akamuuliza ni nani atakayeng'oa viazi. Kisha akatokea Odiel na baiskeli yake na masikio yake makubwa, na Zulma akampenda, hilo hakuna anayebisha. Ila mtu anaweza kuwa amependa na bado usiku akawa anajiuliza jambo. Odiel alilijua hilo jambo. Walilisema mara moja, wakiwa vijana, wakaliacha.

Sasa tuje mwaka wa tisini na nne. Zulma alikuwa na miaka sitini na tisa na moyo wake ulikuwa umechoka. Daktari alimkataza ngazi, akamkataza safari, akamkataza hata kuinua sufuria. Kitanda kikateremshwa sebuleni, karibu na dirisha la barabarani. Jioni moja ya Juni, Odiel alikuwa amemletea supu.

"Odiel."

"Mm."

"Nenda Brugge."

Odiel aliliweka bakuli chini. "Niende na nani?"

"Na miguu yako."

"Nikafanye nini Brugge peke yangu, we mwanamke?"

"Ukaingie Begijnhof. Ukae, uangalie, urudi uniambie kulivyo. Mimi sitafika tena, hilo unalijua, usijifanye hujui."

Odiel alijikuna sikio. "Haya. Jumatatu nitakwenda."

"Siyo Jumatatu. Jumapili hii."

"Jumapili hii kuna Bourges!" Aliruka kama aliyemwagiwa ile supu. Bourges ni mbali, katikati ya Ufaransa, na mashindano ya kutoka huko wafugaji wanayasubiri mwaka mzima.

"Najua kuna Bourges. Ndiyo maana nimesema Jumapili hii." Zulma alichukua kijiko mwenyewe akaanza kunywa. "Na ukirudi usinieleze habari za njiwa. Hata wa kuchonga juu ya kanisa simtaki."

Usiku ule Odiel hakupata usingizi. Bourges ilimuuma, nisiwadanganye, ilimuuma kama jino. Lakini kulikuwa na kingine kilichomuuma zaidi na alikuwa haoni pa kukipeleka. Alielewa kwamba ametumwa akaangalie maisha ambayo mkewe hakuyaishi. Vipi akikuta ni mazuri? Atarudi aseme nini mbele ya yule mwanamke aliyekaa na yeye na ndege zake mpaka moyo ukachoka? Na akisema uongo, Zulma hatagundua? Odiel hakuwa na mazoezi ya uongo. Katika mchezo wao saa ya mashindano, ile inayopiga chapa dakika njiwa aliyofika, inafungwa kwa lakiri, na mtu akikamatwa ameongopa hata dakika moja anafukuzwa na hasalimiwi tena. Alipokucha alikuwa ameshaamua: atakwenda, ataangalia vizuri, na atasema kweli. Alimnyima mkewe mengi, angalau hilo atampa.

Jioni ya kupeleka njiwa, wafugaji walikusanyika kwenye baa ya Gaston kama kawaida, kila mmoja na tenga lake. Odiel aliingia mikono mitupu. Baa nzima ikageuka.

"Tenga liko wapi?" aliuliza Gaston.

"Sipeleki."

"Wameugua?"

"Wazima."

"Basi umeugua wewe."

"Naenda Brugge."

"Brugge!" Gaston aliwatazama wenzake. "Jamani, Brugge kuna banda la nani?"

"Hakuna banda. Naenda kutembea."

Hapo watu wakaangua kicheko mpaka njiwa wakashtuka ndani ya matenga. Mmoja akamwambia asisahau kununua kofia ya majani, mwingine akamuuliza kama kapata mchumba wa Kijapani atakayempiga picha juu ya farasi. Odiel alisimama katikati yao, masikio yamemwiva, akangoja wamalize.

"Zulma ndiye aliyetaka," alisema.

"Na wewe tangu lini unasikia anachotaka Zulma?" Hilo lilitoka kwa Paula, mke wa Gaston, aliyekuwa nyuma ya kaunta akifuta glasi. Hakulisema kwa ubaya. Lakini wanaume walirudi kwenye matenga yao haraka, na hakuna aliyetania tena.

Jumapili asubuhi binti yao Annick alikuja kukaa na mama yake. Odiel alivaa suti yake ya mazishi, maana hakuwa na nyingine, akaweka mikate yake ya jibini mfukoni, akaenda kupanda treni. Kituoni jambo la kwanza alilofanya ni kulamba kidole na kukiinua. Upepo ulikuwa wa kaskazini-mashariki, uso kwa uso kwa njiwa wanaotoka Ufaransa. Leo watachelewa, aliwaza, leo watafika mchana wamechoka hoi. Kisha akakumbuka hayamhusu, akakirudisha kidole mfukoni.

Brugge ilikuwa imejaa. Watu walitembea makundi makundi nyuma ya mwanamke aliyenyanyua mwavuli, farasi walivuta magari yao juu ya mawe, mashua zilipita chini ya madaraja zimebeba watu waliokaa wamebanana na wote wanatazama upande mmoja. Odiel alijiambia, haya, angalia. Akaangalia. Alikuta shingo yake inapanda yenyewe mbinguni, anaishusha, inapanda tena. Alipofika mbele ya ule mnara mkubwa wa kengele, kitu alichokiona ni mahali pazuri pa kipanga kujificha.

"Angalia nyumba, mjinga wewe," alijisemea kwa sauti, na mama mmoja mwenye mtoto akasogea pembeni.

Akaangalia nyumba. Shida ni kwamba hakuwa na maneno. Mpe bawa la njiwa akueleze, mtakesha, kila unyoya una jina lake na tabia yake. Lakini dirisha? Dirisha ni dirisha. Alijaribu kuiandaa hadithi ya kumpelekea Zulma, akiisema chini chini huku anatembea: kuna nyumba, nyembamba, zina ngazi juu ya paa, kuna maji, kuna daraja. Ilisikika kama mtu anayehesabu vyombo vya kuoshwa. Akaanza kuingiwa na hofu kwamba atarudi mtupu, na Zulma atakuwa amempa Jumapili bure.

Njaa ilipomshika alikaa kwenye mkahawa mmoja wa kiwanjani, akaagiza kahawa, akafungua mikate yake mezani. Kwetu huku hilo si jambo. Unanunua kinywaji, unakula mkate wako, mwenye baa anakuletea na kisu ukitaka. Mhudumu alimjia mbio, akamsemesha Kiingereza. Odiel akamtazama. Mhudumu akajaribu Kifaransa.

"Nasema Kiflemi, bwana," alisema Odiel. "Kama wewe."

"Samahani, mzee. Hapa chakula cha nje hakiruhusiwi."

"Hiki siyo cha nje. Nimekitoa nyumbani."

"Ndiyo huko nje kwenyewe."

"Nyumbani ndiyo nje?" Odiel alishangaa kwelikweli. "Kijana, hii ni jibini tu. Haina harufu."

Mhudumu alikunja uso, akatazama nyuma kama bosi wake yuko karibu, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Kula haraka basi, na hiyo karatasi iweke mapajani." Na Odiel akala akiwa ameinama, kama mwanafunzi darasani.

Ilikuwa mchana alipofika upande wa ziwa dogo lenye mabata maji weupe, karibu na daraja la kuingilia Begijnhof. Watu walikuwa wanawarushia ndege makombo, na njiwa wa mitaani wamejaa miguuni mwao wakigombana. Odiel aliapa hatawatazama. Akawatazama. Na pale pembeni, chini ya ukuta, alimwona mmoja amejikunyata peke yake, hagombei chochote. Kijivu, mistari miwili bawani, manyoya yamebana mwilini, jicho safi. Mguuni ana pete.

"Hapana," alisema Odiel. "Hapana, hapana, siyo leo."

Alipita. Alilivuka daraja mpaka nusu, akasimama. Mfugaji hampiti njiwa wa mashindano aliyeanguka njiani, hata awe wa adui yake. Unamwokota, unampa maji, unamtafuta mwenyewe. Hakuna sheria iliyoandikwa mahali, lakini ukimpita, wenzako wakasikia, bora uhame kijiji. Odiel alirudi, akachuchumaa na suti yake ya mazishi, akamkamata kwa mkono mmoja kwa namna wanavyojua wenyewe, vidole viwili kwenye miguu na dole gumba mgongoni. Mtalii mmoja akampiga picha. Odiel alimtia njiwa ndani ya koti na kuingia naye langoni mwa watawa.

Ndani ya lango kulikuwa na sista mnene, mwekundu mashavuni, amekaa kwenye kijumba anauza picha takatifu.

"Bwana," alisema, "koti lako linatikisika."

"Ni njiwa, Sista. Ametoka Bourges. Upepo umemsukuma mpaka huku, maskini. Nina shida na maji kidogo, na simu kama ipo."

Sista alimtazama, akalitazama koti, akaguna. "Kaka yangu naye anafuga," alisema, kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa wa ukoo. Akaleta maji ndani ya kisahani cha kikombe, akamwonyesha simu ukutani.

Namba ya mwenyewe ilikuwa imepigwa mhuri kwenye unyoya wa bawa, pamoja na jina la kijiji, upande wa Ninove, siyo mbali na kwetu. Odiel akapiga. Iliita sana. Mwishowe ikapokewa na mwanamke, anaongea kwa kunong'ona.

"Haloo?"

"Habari za mchana, mama. Nina njiwa wenu hapa. Dume wa kijivu."

"Sema kwa sauti ya chini. Mume wangu yuko uani."

"Basi mwite."

"Nimwite?" Yule mama alikaribia kucheka. "Wewe bwana unafuga?"

"Nafuga."

"Mkeo anaweza kukuita saa hizi?"

Odiel alitazama simu. "Hawezi," alisema.

"Basi. Sikiliza, nikimwambia kapotea atasema avunjwe shingo, ndivyo anavyosema siku zote. Mpe maji, apumzike, umwachie. Akifika kafika. Mimi sijui kitu."

"Sawa, mama."

Odiel alidhani yule mama amekata. Hakukata. "Unapigia wapi hapo?" aliuliza.

"Brugge. Begijnhof."

"Wee! Brugge!" Alisahau kunong'ona, kisha akakumbuka. "Siku ya Bourges mwanamume yuko Brugge. Kwenu kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Mke wangu kanituma nije nione."

"Yeye hakuja?"

"Hawezi tena."

Odiel alisikia saa ya ukutani ikigonga kule nyumbani kwa yule mama, na zaidi ya hiyo hakusikia kitu: hakuna redio, hakuna sufuria, hakuna mtu. Aliijua nyumba hiyo. Ilikuwa nyumba yake mwenyewe, ila yeye siku zote alikuwa upande wa uani.

"Pakoje?" aliuliza yule mama.

"Bado sijapaona. Ndiyo kwanza nimeingia."

"Basi kaangalie vizuri, bwana. Niangalizie na mimi." Mlango ukasikika nyuma yake. "Anakuja, nakata." Simu ikakatika.

Odiel alisimama pale na kile chombo mkononi mpaka sista akamuuliza kama kuna mtu amekufa. Alisema hapana. Alikuwa ameshikwa na aibu, aibu kavu isiyo na pa kujificha. Alimbeba njiwa wake, akaenda akakaa kwenye benchi ya mawe pembeni ya kiwanja.

Na hapo akaangalia. Siwezi kuwaambia macho yaligeuka vipi, mimi sikuwemo kichwani mwake, lakini yeye mwenyewe alinieleza baadaye kwamba alikuwa anaangalia kwa ajili ya wanawake wawili na hakutaka kuwadhulumu. Aliona kuta nyeupe, siyo nyeupe ya rangi mpya, nyeupe iliyopakwa juu ya nyeupe miaka na miaka mpaka pembe za nyumba zikawa mviringo. Aliona miti mirefu imeegemea upande mmoja wote pamoja, na mwanga unashuka kati yake vipande vipande, unatembea juu ya majani kadiri upepo unavyosukuma matawi. Aliona sista mzee anapita na ndoo, anasimama, anaiweka chini, anatazama tu juu bila sababu yoyote, hamsubiri mtu wala ndege, kisha anachukua ndoo yake anaendelea. Kulikuwa na kimya, lakini si kimya cha mtu aliyekatazwa. Ndani ya nyumba moja mtu aliimba akakatisha, akacheka peke yake.

Odiel alimwona Zulma mle. Alimwona waziwazi, kijana, kwenye mlango wa tatu, mikono imelowa maji, anacheka. Ikamuuma sana. Pazuri, alisema moyoni. Pazuri kabisa. Angekaa vizuri hapa.

Sista wa mlangoni alikuja kumtazama njiwa. Alipoona amepata nguvu, akasema aachiwe, maana mabenchi yanachafuka. Odiel alifungua mikono. Njiwa alizunguka juu ya miti, akazunguka tena, akapata njia yake akaenda.

"Sista," aliuliza Odiel, "watu wanafurahi hapa?"

"Inategemea siku, bwana," alisema yule sista. "Leo ndiyo."

Alirudi na treni ya jioni, na njia nzima hakutazama mbingu. Alikuwa anashika aliyoyaona yasimwagike. Juni jua linachelewa kuzama, kwa hiyo alipofika nyumbani sebuleni kulikuwa bado na mwanga. Annick aliwapisha akaenda kuosha vyombo. Zulma alikuwa ameegemea mito, nywele zimechanwa, amevaa kile kisweta kizuri.

"Umefika?"

"Nimefika."

"Ndani?"

"Ndani kabisa. Nimekaa."

"Haya. Niambie."

Odiel alivuta kiti, akakaa na koti lake bado mwilini, akamwambia. Na jamani, alisema vizuri! Yule mtu ambaye tangu nimjue alikuwa na maneno ya upepo na nafaka tu, alimweleza mkewe ule weupe juu ya weupe, akamweleza miti ilivyoegemea na mwanga ulivyotembea juu ya majani, akamweleza ndoo ya yule sista mzee na kicheko cha ndani ya nyumba. Njiwa hakumtaja. Na alipofika mwisho, akakusanya roho yake yote akasema lile alilokuwa amelibeba tangu usiku ule: "Ni pazuri, Zulma. Kweli tupu. Ungekaa vizuri pale. Kuliko hapa."

Zulma aligeukia dirisha. Alitazama barabarani. Machozi yalimtoka taratibu, bila kelele, na hakuyafuta.

"Nimekosea nini?" aliuliza Odiel. "Nimekuambia kulivyo. Nimesema kweli."

"Umesema."

"Sasa?"

"Nilitaka pawe pabaya, Odiel."

Odiel alisogeza kiti karibu.

"Miaka yote hii najiambia, labda ni nyumba tu. Nyumba na ukungu na vikongwe wanaokohoa. Nikijiambia hivyo napata usingizi." Sasa alijifuta, kwa hasira, kwa kiganja. "Kwani unafikiri kwa nini nilikutuma wewe? Ningeweza kumtuma Annick. Nilikutuma wewe kwa sababu wewe huoni kitu! Hujawahi kuona pazia jipya, hujawahi kuona nywele zangu. Nilijua utarudi useme, nyumba tu Zulma, nyumba na miti, nipate kulala. Nikakupa na Jumapili ya Bourges ili uwe na kinyongo, usione hata hizo nyumba. Leo, leo hii, ndiyo umepata macho?"

Jikoni sahani zilikuwa zimenyamaza. Odiel aliitazama mikono yake. Yote aliyoambiwa yalikuwa kweli. Akavua koti, akalikunja, akalilaza magotini. Kisha akakohoa.

"Kuna mbu," alisema.

Zulma hakugeuka. "Mbu gani?"

"Wa kwenye mfereji. Wakubwa hivi. Wameniuma shingo yote."

"Mchana?"

"Mchana kweupe. Na maji yenyewe yananuka."

"Yananuka nini?"

Odiel alifikiri. Hakuwahi kuongopa hata dakika moja maishani mwake, na jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. "Kabichi," alisema. "Kabichi iliyolala wiki. Harufu inaingia mpaka ndani kwa masista, sijui wanalalaje."

Zulma alivuta blanketi juu kidogo. "Na hao masista?"

"Wakali. Yule wa mlangoni alinifokea kwa sababu ya benchi. Na wote wana mafua, Zulma. Mwezi wa Juni, wana mafua. Nyumba zina unyevu mpaka darini."

"Unyevu," alisema Zulma.

"Ukigusa ukuta mkono unalowa."

Zulma alifumba macho, akatafuta mkono wake juu ya blanketi, akaupata.

"Endelea," alisema.